Mwanya wa kiungo na kupinda kwa metali wakati wa kulehemu

Kupinda kwa metali wakati wa kulehemu ni mabadiliko ya umbo yanayotokea pale vipande vya metali vinapounganishwa kwa kuyeyusha kingo zao, kisha vikaachwa vipoe. Kulehemu huitwa pia kuchomelea, na hilo ndilo jina linalosikika zaidi katika karakana za Afrika ya Mashariki. Bamba lililokuwa bapa hunyanyuka upande mmoja, fremu ya pembe mraba huenda upande, bati hufanya mawimbi.

Mwanya wa kiungo ni nafasi ndogo inayoachwa kwa makusudi kati ya kingo mbili kabla ya kuzilehemu. Mambo haya mawili mara nyingi hufundishwa kama masomo tofauti, lakini chanzo chao ni kimoja: chuma kilichoyeyuka husinyaa kinapopoa, na kusinyaa huko hakuna fundi anayeweza kukuzuia. Anachoweza kuamua ni kiasi chake, mahali pake, na kama kutaonekana nje kama mpindo au kutabaki ndani ya chuma kama mkazo.

Kwa nini metali hupinda

Mwanafunzi aliyeona jaribio la tufe na pete katika somo la fizikia anajua kwamba metali ikipata joto hutanuka na ikipoa hurudi ilivyokuwa. Jaribio hilo ni la kweli, ila linaweza kumpotosha anapoingia karakanani. Tufe hutanuka kwa uhuru kwa sababu lote limepata moto. Katika kulehemu ni ukanda mwembamba tu unaopata moto, nao umebanwa na chuma baridi kilicho pembeni yake.

Hesabu ndogo inasaidia. Mita moja ya chuma laini cha kawaida hurefuka takriban milimita 1.2 joto lake linapopanda kwa 100°C. Ikiwa chuma hicho kimezuiwa kabisa kisirefuke, mkazo hujengeka ndani yake. Kipimo cha unyumbufu wa chuma ni takriban niutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Kikizidishwa kwa 0.000012 (utanukaji kwa kila nyuzi moja) na kwa nyuzi 104, jibu ni karibu 250. Na niutoni 250 kwa milimita ya mraba ndicho kiwango ambacho chuma laini huacha kunyumbuka na kuanza kubadilika umbo kwa kudumu. Kwa maneno mengine, chuma kilichobanwa barabara kinahitaji kupandishwa joto kwa takriban 100°C tu ili kisirudi tena kilivyokuwa. Kandokando ya mshono joto hupita kiwango hicho kwa mbali, kwa kuwa chuma chenyewe huyeyuka karibu na 1,500°C.

Tena chuma chenye moto mkali hulegea. Hakina nguvu ya kukisukuma chuma baridi kilichokizunguka, hivyo hujibana chenyewe: kinakuwa kinene kidogo na kifupi kidogo. Kinapoanza kupoa husinyaa kuanzia urefu huo mpya uliopungua, na kadiri kinavyopoa ndivyo nguvu inavyokirudia. Sasa kinavuta.

Ndiyo maana bamba hupinda kuelekea upande wa mshono. Watu wengi hudhani kinyume, kwamba joto limelitanua bamba na kulisukuma. Jambo hili linaweza kuonyeshwa shuleni bila vifaa vingi. Chukua kipande cha chuma bapa chenye urefu wa milimita 300, upana wa 25 na unene wa 3, hakikisha kimenyooka kwa kukilaza kando ya rula ya chuma, kisha pitisha mshono mmoja juu ya ukingo wake mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakati wa kuchomelea, ukingo wenye moto hubinuka nje kidogo. Kinapopoa hurudi, hupita mstari ulionyooka, na kuishia kimepinda kuelekea mshono. Mwanafunzi akitazama mpaka mwisho ataona miendo miwili tofauti; akiondoka mapema ataona mmoja tu na kujifunza kosa.

Mpindo hutokea kwa namna kadhaa. Kiungo husinyaa kwa upana, yaani vipande viwili husogeleana; husinyaa kwa urefu wa mshono; hukunjika kwa pembe kwa sababu mshono ni mpana juu kuliko chini; boriti hujipinda kama upinde ikiwa mishono yake iko upande mmoja; na bati jembamba hufura na kufanya mawimbi. Mara nyingi namna hizi huchanganyika katika kazi moja.

Kazi ya mwanya

Mwanya huachwa ili moto na chuma kilichoyeyuka vifike chini kabisa ya kiungo. Vipande vinene vikibanwa bila nafasi, mshono huungana kwa juu tu. Kwa macho unaonekana mzuri, pengine mzuri kuliko uliopenya, lakini chini yake kuna mstari ambao haujaungana, na mstari huo ni ufa uliokwisha kuanza. Fundi akisawazisha mshono kama huo kwa grenda ili upendeze, huondoa sehemu kubwa ya chuma kilichokuwa kinashikilia.

Vipimo hutegemea unene. Bati la milimita 1 au 1.5 huchomelewa kingo zikigusana, kwa kuwa nafasi yoyote hutoboka. Bamba la milimita 3 linaweza kulehemiwa upande mmoja bila kuchongwa, kwa mwanya wa kiasi cha nusu ya unene wake. Likifika milimita 6 bila kuchongwa, kwa kawaida hulehemiwa pande zote mbili. Zaidi ya hapo kingo huchongwa ziteremke, ili zikikutanishwa zifanye umbo la herufi V lenye pembe ya takriban nyuzi 60. Chini ya V huachwa wima wa milimita 1 hadi 2, na mwanya wa milimita 2 hadi 3.

Kwa mabomba kuna njia rahisi ya kupima. Fundi hugonga fimbo ya kuchomelea (elektrodi) hadi ganda lake lidondoke, hupinda waya uliobaki na kuuweka kati ya ncha mbili za bomba. Waya wa milimita 2.5 au 3.2 huacha mwanya huo huo pande zote. Huondolewa baada ya bomba kushikizwa.

Mwanya uliozidi una hasara ambayo haionekani mara moja. Katika bamba la milimita 12, mwanya wa milimita 2 unahitaji kujazwa chuma chenye eneo la milimita za mraba 24 katika mkato wake. Mwanya wa milimita 5 unahitaji 60. Chuma chote hicho cha ziada kitayeyuka, kitapoa na kitavuta. Kwa hiyo kipande kilichokatwa kifupi hakiletii fundi hasara ya fimbo peke yake, kinazaa mpindo.

Desturi ya kujaza mwanya mpana kwa misumari, vipande vya nondo au fimbo zilizogongwa ganda, kisha kupitisha mshono juu, inafaa kulaaniwa bila kuoneana haya. Kipande kilichochomekwa huungana juu tu, na takataka za ganda hunaswa chini yake. Njia sahihi ni kukata kipande kipya, au kujenga ukingo mmoja kwa tabaka za mshono mpaka mwanya urudi katika kipimo, kuusawazisha, na ndipo kuunganisha.

Upo mwanya mwingine usiohusu kupenya kwa moto. Bomba linapoingizwa ndani ya kikombe cha kiungio na kuchomelewa kwa nje, mafundi wa mabomba ya shinikizo hulisukuma hadi liguse chini, hutia alama, kisha hulivuta nyuma takriban milimita 1.5. Nafasi hiyo huliacha bomba lisogee mshono unapopoa. Lisipoipata, ncha ya bomba husukumana na kitako cha kikombe, na mshono hubeba mkazo ambao unaweza kuupasua.

Kiasi cha chuma na kiasi cha joto

Kanuni iliyo nyuma ya mbinu nyingi ni moja: chuma kilichoyeyushwa kikiwa kidogo, mvuto nao huwa mdogo. Mshono wa pembe wenye mguu wa milimita 6 una eneo la milimita za mraba 18. Ukiongezwa mguu ufike milimita 8, eneo ni 32. Kwa ongezeko dogo linaloonekana kwa jicho, chuma kimeongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Wapo mafundi wanaoamini kwamba mshono mnene ni imara zaidi daima. Mara nyingi ni imani ghali tu, maana uimara wa kiungo hauwezi kuzidi uimara wa bamba lenyewe.

Katika mabamba manene, V mbili zinazotazamana, moja kila upande, hutumia karibu nusu ya chuma cha V moja. Kwa bamba la milimita 12 na pembe ya nyuzi 60, bila kuhesabu mwanya, V moja ina milimita za mraba 83. V mbili kwa pamoja zina 42 hivi. Faida ya pili ni kwamba mvuto wa upande mmoja hujibiwa na mvuto wa upande wa pili. Pale ambapo kiungo hakihitaji kuzuia maji au gesi, mshono unaweza kukatizwa: milimita 50 za mshono katika kila milimita 150 ni theluthi moja tu ya kazi na theluthi moja ya joto.

Joto linaloingia katika kila milimita ya mshono hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea na kugawanya kwa mwendo wa mkono. Volti 24 na ampea 110 hutoa juli 2,640 kwa sekunde. Mkono ukienda milimita 3 kwa sekunde, kila milimita hupewa juli 880. Ukienda milimita 2 kwa sekunde, hupewa 1,320. Sehemu ya joto hilo hupotea hewani, lakini uwiano haubadiliki: mkono unaochelewa hupindisha zaidi kuliko mkono mwepesi kwa mashine ile ile. Kupunguza ampea kupita kiasi hakusaidii, kwa kuwa humlazimisha fundi kwenda polepole, na kiungo hakipenyi.

Kushikiza

Kabla ya mshono wenyewe, vipande hushikizwa kwa nukta fupi za kulehemu, kama vile fundi cherehani anavyoshikiza nguo kwa nyuzi za muda kabla ya kuishona. Nukta hizi ndizo zinazoulinda mwanya. Katika ulehemu wa mkono kingo husogeleana mbele ya mshono unavyokwenda; mwanya wa milimita 3 mwanzoni unaweza kuwa umefungika kabisa mwishoni. Nukta chache mno au dhaifu mno hupasuka au hukubali kuvutwa.

Mpangilio wake una maana. Ukishikiza kuanzia ncha moja kwenda nyingine mfululizo, kila nukta huvuta kingo na mwanya huzidi kubana kadiri unavyosonga. Ni afadhali kushikiza katikati kwanza, kisha kwenda huku na huku kwa zamu, au kushikiza ncha zote mbili, halafu katikati, halafu katikati ya nusu hizo. Bati jembamba huhitaji nukta za karibukaribu. Bamba nene huhitaji chache lakini ndefu na zenye nguvu. Bomba hushikizwa nukta nne kwa msalaba: ya pili huwekwa mkabala na ya kwanza, si kando yake, kwa maana nukta ya kwanza imekwisha kuufungua mwanya wa upande wa pili kidogo, na nukta ya mkabala hurudisha usawa. Mwanya hupimwa tena kabla ya kila nukta.

Nukta iliyopasuka isifunikwe na mshono. Isagwe yote, iwekwe nyingine.

Mpangilio wa mishono

Mshono mrefu unaopigwa kwa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho hukusanya joto mbele yake na kuvuta kwa nguvu moja. Njia inayotumika kuupunguza ni ya hatua za kurudi nyuma. Kazi kwa ujumla husonga, tuseme, kutoka kushoto kwenda kulia, lakini kila kipande kifupi cha mshono hupigwa kutoka kulia kwenda kushoto, kikiishia pale kilipoanzia kilichotangulia. Hivyo mwisho wa kila kipande hukutana na chuma ambacho tayari kimeshikwa. Njia nyingine ni ya kuruka: kipande hapa, kingine mbali, kisha kurudi kujaza nafasi zilizobaki.

Kwenye boriti au fremu, muhimu ni mstari wa katikati wa mkato wake. Mshono ulio mbali na mstari huo hupinda zaidi, kama mtu anayevuta mlango kwa kitasa badala ya karibu na bawaba. Mishono inayolingana pande mbili za mstari hupigwa kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, upande wa pili hautaweza kurudisha mpindo wote, kwa sababu kufikia hapo kiungo kimekwisha kuwa kigumu.

Vipimo vya kukata navyo lazima vihesabu kusinyaa. Kwa makadirio ya kawaida, kiungo cha V cha nyuzi 60 husinyaa kwa upana milimita 1.5 hadi 3. Boriti ya vipande vitano ina viungo vinne, kwa hiyo itapungua milimita 6 hadi 12 kutoka urefu iliokuwa nao ilipopangwa pamoja na mianya yake. Aliyekata kwa kipimo cha mwisho bila nyongeza atajikuta na boriti isiyofika ukutani.

Kupinda mapema, na kubana

Ikiwa mpindo unajulikana, vipande vinaweza kupangwa vimepinda upande wa kinyume ili kusinyaa kuvinyooshe. Mabamba mawili ya kuunganishwa kwa V ya upande mmoja huinuliwa kidogo kwenye kiungo kwa kuwekewa chuma chembamba chini yake, V ikiwa juu; mshono ukipoa huyakunja yarudi bapa. Kiasi cha kuinua hupatikana kwa kujaribu vipande vya unene huo huo. Karakana yenye daftari la majaribio hayo ina mali kubwa kuliko karakana yenye mashine mpya.

Kazi mbili zinazofanana zinaweza kufungwa mgongo kwa mgongo kwa klempu, kabari zikiwekwa kati yake ili ziwe zimebinuka kidogo, kisha zikalehemiwa kwa zamu. Kila moja humzuia mwenzake. Njia hii hufaa sana kwa jozi za fremu.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kubana: klempu, meza nzito, jiriwa, vyuma vya mkingamo vinavyochomelewa kwa muda juu ya kiungo. Kazi hutoka imenyooka zaidi, na hapo ndipo penye mtego. Kusinyaa kulikozuiwa hakujafutwa. Kumebaki ndani kama mkazo, na karibu na mshono mkazo huo unaweza kufikia kiwango cha mwisho cha unyumbufu wa chuma. Klempu zikifunguliwa sehemu yake hutoka kama mpindo mdogo, na iliyobaki hukaa humo miaka yote.

Kwa geti la nyumba mkazo huo si kitu. Kwa tangi la shinikizo, fremu ya lori au daraja, ni jambo zito. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, iliyojengwa kwa kulehemu huko Portland, Oregon, Marekani, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji yakiwa matulivu. Meli nyingine za wakati huo wa vita zilipata nyufa kubwa pia. Sababu hazikuwa moja: chuma chenyewe kilikuwa chepesi kuvunjika katika baridi, mishono mingine ilikuwa na kasoro, na pembe kali za umbo zilikusanya mkazo. Ila visa hivyo viliwafundisha wahandisi kwamba meli iliyolehemiwa ni kipande kimoja, na ufa ulioanza mahali hauna mpaka wa bamba wa kuusimamisha kama ilivyokuwa katika meli za ribiti.

Katika kazi nzito mkazo hupunguzwa kwa kuipasha kazi yote polepole hadi karibu 600°C, kuiweka hapo kwa muda unaolingana na unene wake, kisha kuipoza taratibu. Katika karakana ndogo isiyo na tanuri, busara ni kuacha kipande kimoja huru kisogee. Kiungo ambacho ncha zake zote mbili zimefungwa kwa nguvu ndicho kinachopasuka.

Tofauti za metali

Chuma cha pua cha aina ya kawaida ya vyombo vya chakula hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma laini, na hupitisha joto kwa kiasi cha theluthi moja tu. Joto hukaa palepale lilipowekwa, nalo hutanua zaidi. Basi hupinda sana. Huhitaji nukta za karibu, ampea ndogo, mkono mwepesi, na mara nyingi bamba la shaba chini ya kiungo ili lichukue joto. Alumini hutanuka mara mbili ya chuma na huyeyuka kwa 660°C bila kuwa nyekundu kwanza, jambo linalowashtua wanaoanza.

Chuma cha kutupwa, kama cha mwili wa injini za zamani, ni kesi ya peke yake. Hakinyumbuki, kwa hiyo kusinyaa hakuleti mpindo bali ufa, mara nyingine kwa mlio unaosikika. Kisipopashwa moto chote kabla, hulehemiwa vipande vya milimita 25 hivi, kila kimoja kikigongwagongwa kwa nyundo kingali na moto ili kitanuke tena kidogo, na kuachwa kipoe mpaka mkono uweze kukigusa kabla ya kuendelea.

Mfano wa geti

Fremu ya bomba la mraba la milimita 40, yenye upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.6, ina mshazari wa mita 2 kamili. Hupangwa juu ya sakafu au meza iliyo bapa, pembe nne hushikizwa, na mishazari yote miwili hupimwa. Ikitofautiana, pembe iliyo kwenye mshazari mrefu hugongwa taratibu mpaka ilingane, kazi ikiwa bado ni ya nukta. Baada ya mshono kamili nafasi hiyo imepita.

Mshono wa upande wa ndani wa pembe huvuta pembe ijifunge. Wa nje huifungua. Fundi huanza na pembe moja, huhamia ya mkabala kwa mshazari, na hupima tena katikati ya kazi. Kuzunguka kwa kufuatana hulimbikiza kosa lote kwenye pembe ya mwisho.

Bati ndilo linaloharibu mageti mengi. Likichomelewa kwa mshono mrefu kuzunguka fremu, kingo zake hufupika ilhali katikati hubaki na urefu wake wa awali. Katikati hukosa pa kwenda, hufura, na upepo ukipiga hulia kama ngoma. Huchomelewa kwa nukta au vipande vya milimita 20 hadi 25, kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, kwa kuhamia upande wa pili kila mara. Kunjo na miraba inayopigwa juu ya bati kabla ya kuliweka si pambo tu. Huliongezea ugumu ili lisifure.

Bawaba huja mwisho nazo zina mvuto wake. Mshono mrefu kwenye upande mmoja wa bomba hulipinda bomba, na bawaba mbili zilizokuwa katika mstari mmoja huacha kuwa hivyo. Geti huwa zito kufungua ingawa bawaba ni mpya na zimepakwa grisi. Mishono mifupi, na muda wa kupoa kati ya bawaba moja na nyingine, hutosha.

Mfano wa reli

Reli za kisasa, zikiwemo za SGR nchini Kenya na Tanzania, hulehemiwa ziwe ndefu bila mapengo ya viungo. Mojawapo ya njia za kuziunganisha zikiwa njiani ni termiti, iliyobuniwa na mkemia Mjerumani Hans Goldschmidt katika miaka ya 1890: unga wa alumini na oksidi ya chuma huwashwa, na chuma kilichoyeyuka hutiririka katika kalibu iliyozunguka ncha mbili za reli. Mwanya kati ya ncha hizo kwa kawaida ni takriban milimita 25. Ukiwa mdogo, chuma hakizipashi ncha za kutosha; ukiwa mkubwa, hakitoshi kujaza.

Hapa kupinda mapema ni sharti la kazi. Kabla ya kumimina, mafundi huweka rula ya mita moja juu ya reli na kuziinua ncha mbili kwenye kiungo kwa kabari, milimita 1 hadi 2 juu ya mstari ulionyooka. Kichwa cha reli kina chuma kingi kuliko kitako chake chembamba, hivyo hupoa nyuma yake na kusinyaa mwisho, na kiungo hushuka. Kikipangwa kimenyooka, kitaishia na bonde dogo ambalo kila gurudumu litakalopita litaligonga, na bonde haliwezi kusagwa likatoka. Kinundu husagwa.

Kunyoosha kwa moto

Kazi iliyokwisha kupinda inaweza kunyooshwa kwa nguvu zile zile zilizoipinda. Moto wa gesi huelekezwa upande uliobinuka, yaani upande mrefu, katika nukta au pembetatu ndogo, hadi chuma kiwe chekundu cha giza kinachoonekana kivulini, karibu 600 hadi 650°C. Sehemu hiyo hujibana, na ikipoa hufupika. Kosa la kawaida ni kupasha upande wa bonde, ambako huzidisha mpindo, au kupasha eneo kubwa kwa mara moja, ambapo chuma chote hutanuka na kurudi bila kubadilika. Bati lililofura hupashwa nukta ndogo zilizotawanyika juu ya uvimbe, moja baada ya nyingine, kila moja ikipoa kabla ya ifuatayo. Joto lisizidi kiwango kilichotajwa, na vyuma vilivyoongezewa ugumu kiwandani visipashwe bila maelekezo ya aliyevitengeneza, kwa kuwa hupoteza ugumu huo.

Wakati moto ungali juu yake, kazi huonekana ikizidi kupinda, na wengi huacha hapo wakidhani wamekosea. Rula huwekwa chuma kikiwa kimepoa kabisa.